Vyama vikiungana, mbunge wetu atachaguliwa na nani?

Mombasa

Sahibu yangu,

Assalam aleikum. Huku sote wazima, alhamdulillahi, joto tu ndilo linalotuandama. Waraka wako nimeupata. Nimeusoma na kuurudia, hasa pale uliposema kwamba ODM ya Raila na UDA ya Rais Ruto wakishikana katika uchaguzi wa 2027, Pwani itakuwa imeshinda kabla ya kura kupigwa. Hapo sikubaliani nawe hata kidogo, na wallahi jambo hili linaninyima usingizi.

Muungano wenyewe sina ugomvi nao. Katiba ya 2010 inamtaka rais apate zaidi ya nusu ya kura zote, na angalau asilimia 25 katika kaunti 24. Ni vigumu chama kimoja kuifikisha hesabu hiyo, kwa hivyo lazima watafutane. Lakini mbunge hana sharti hilo. Akimzidi mwenzake hata kwa kura moja, kiti ni chake. Sasa tazama: wakubwa wanakaa kutafuta kura za rais, na viti vya ubunge ndivyo vinavyolipia. Huku tuachieni, kule chukueni. Mtu wa Likoni au Jomvu anaamka asubuhi aambiwe chama chake hakisimamishi mtu kwao safari hii, na hakuna aliyemuuliza.

Juzi baada ya Isha nilikaa na wazee Mwembe Tayari, muuza kahawa akigonga vikombe vyake. Mmoja alikuwa akigawa viti vyote sita vya Mombasa kwa vidole: Mvita na Likoni za hawa, Nyali ya wale, Changamwe na Jomvu wataelewana, Kisauni bado wanavutana. Kijana wa bodaboda aliyekuwa kimya muda wote akauliza, "Basi basari tutamdai nani, na yeye kiti kapewa na wenzake?" Yule mzee akashusha mkono, asimjibu. Mimi pia nauliza hilo hilo. Unajua jinsi fedha za NG-CDF, mfuko wa maendeleo wa majimbo ya ubunge, zinavyosomesha watoto wa mitaa yetu. Mbunge anayejua kwamba kiti amekatiwa Nairobi ataiogopa Nairobi, hatawaogopa akina mama wanaopanga foleni ofisini kwake na barua za shule mkononi.

Utasema vyama vidogo vya kwetu ndivyo dawa. Nami nilitamani iwe hivyo. Lakini kumbuka PAA, chama cha Pwani hasa. Kiliingia Azimio, muungano wa Raila, kisha Mei 2022 kiongozi wake Kingi akahamia Kenya Kwanza, upande wa Ruto. Wapiga kura walikwenda vituoni Agosti chama kikiwa na mguu mmoja huku na mwingine kule. Baada ya uchaguzi wabunge wake watatu wakahesabiwa Kenya Kwanza, pamoja na kumi na mmoja wa vyama vingine vidogo, na Oktoba Spika Wetang'ula akatangaza Kenya Kwanza ina wabunge 179, Azimio 157. Mahakama Kuu ilikuja kuutengua uamuzi huo Februari 2025. Zaidi ya miaka miwili, sahibu! Muda wote huo mtu wa Ganze, jimbo lililochukuliwa na PAA, aliyepiga kura yake kwa nia safi angekwambia nini ukimuuliza mbunge wake ni wa serikali au wa upinzani?

Na kwetu hapa mjini mambo ni mazito zaidi. Kwenye ugavana 2022 Nassir wa ODM alipata kura 119,083, Hassan Omar wa UDA 98,108. Leo Omar ni katibu mkuu wa UDA, Joho wa ODM yumo katika baraza la mawaziri, na tangu makubaliano ya Machi 7, 2025 vyama hivyo viwili vinakula sahani moja. Raila naye ametutoka, kila mtu anavutia kwake. Mimi nafurahi watoto wa mji mmoja wakiacha kutukanana. Lakini wale watu elfu tisini na ushee walikuwa na sababu zao za kutomchagua Nassir, na wale wengine za kutomtaka Omar. Sababu hizo hazikufutika viongozi walipopeana mikono. Ukiwaletea mgombea mmoja aliyekubaliwa juu, wengi watabaki nyumbani siku ya kura, nami sitawalaumu.

Ninachotaka mimi ni mkataba wa muungano uchapishwe, tuusome kabla ya mchujo wa vyama, na bandari iandikwe ndani yake kwa jina. Unakumbuka amri ya 2019 ya kupeleka makontena bara kwa reli ya SGR ilivyoyanyima malori kazi na kuziacha yadi za Changamwe tupu. Septemba 13, 2022, siku ya kuapishwa kwake, Ruto alitangaza kwamba shughuli za kutoa mizigo zitarudi Mombasa. Tulishangilia sana. Lakini jambo lililorudishwa kwa tangazo huweza kuondolewa kwa tangazo, na mshirika asiye na maandishi hana pa kushikia. Halafu ubunge uachwe wazi: vyama viungane kwa rais, kila kimoja kisimamishe mtu wake kwa mbunge, mwananchi aamue. Watu wa Nyali walionyesha hilo 2017. Mohamed Ali hakupata tiketi ya ODM, akasimama huru, wakampeleka bungeni.

Wewe uko Nairobi, karibu na wanaokutana. Ukimpata yeyote wa ODM au UDA wa huku kwetu, muulize waziwazi kama viti vyetu sita vimo katika mazungumzo yao, uniandikie alivyokujibu. Na kura yako bado iko Kisauni, usiihamishe. Wasalimie watoto na mama yao, Bi Mkubwa anakusalimu sana.

Wako,
sahibu yako wa Mombasa