Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Msimu wa 2024 wa Ohio State

Ndugu wanachama,

Kwa niaba ya kamati tendaji ya chama chetu cha mashabiki wazungumzaji wa Kiswahili hapa Columbus, nawasilisha taarifa ya msimu uliopita. Timu ya futiboli ya Kimarekani ya Chuo Kikuu cha Ohio State ilicheza mechi 16, ikashinda 14, na tarehe 20 Januari 2025 ikatwaa ubingwa wa taifa wa vyuo vikuu mjini Atlanta kwa kuifunga Notre Dame 34–23. Tulikuwa hatujauona ubingwa huo tangu msimu wa 2014. Nianze lakini na vipigo viwili, maana ndivyo vilivyozua maswali mengi zaidi vikaoni.

Tulifungwa na Oregon 32–31 tarehe 12 Oktoba. Zikiwa zimebaki sekunde 10, Oregon walisimamisha wachezaji 12 uwanjani. Adhabu ilikuwa yadi 5, lakini sekunde 4 zilizokatika hazikurudishwa, na katika mchezo wa mwisho Will Howard, kwotabeki wetu (mrusha pasi), alijilaza na mpira saa ikiwa imekwisha. Siku chache baadaye ukatolewa ufafanuzi wa kanuni: katika hali kama hiyo timu iliyokosewa inaweza kudai muda wake urudishwe.

Hasara kubwa zaidi ya siku ile ilikuwa goti la Josh Simmons, anayemkinga kwotabeki upande wa kushoto. Mbadala wake naye aliumia kwenye mechi ya Nebraska, Donovan Jackson akasogezwa kutoka ndani kwenda pembeni. Novemba, Seth McLaughlin, anayesimama katikati na kuanzisha kila mchezo, akakatika kano ya kisigino mazoezini, Carson Hinzman akachukua nafasi yake. Safu ya watu 5 ikafika siku ya Michigan ikiwa imeshonwa upya.

Michigan walikuja wakiwa wameshinda 6 na kufungwa 5, bila Will Johnson, mlinzi wao bora wa pembeni. Nguvu yao ilikuwa katikati, kwa walinzi Mason Graham na Kenneth Grant. Nasi tukang'ang'ania kupita hapohapo: mbio 26 na mpira mkononi, yadi 77 tu. Pasi 2 zilinaswa, mateke ya kulenga goli, ya yadi 34 na 38, yakakosa, na kipindi cha pili hatukupata hata pointi moja. Tukafungwa 13–10 nyumbani, mara ya nne mfululizo. Wapo wanaomlaumu mpiga mateke. Mimi naulaumu mpango: mwenye mdakaji kama Jeremiah Smith pembeni hapaswi kuning'iniza mechi kwenye teke.

Kwenye mtoano, uliokuwa na timu 12 kwa mara ya kwanza, mpango ulibadilika. Mpira ulipelekwa pembeni mapema, na mbio zikaja baada ya walinzi kutawanyika. Tennessee walikuwa nyuma 21–0 robo ya kwanza, tukamaliza 42–17. Oregon tuliwalipa 41–21. Smith peke yake alipata yadi 187. Texas walimbana Smith akadaka pasi moja tu ya yadi 3, lakini pasi fupi kwa mkimbiaji wetu TreVeyon Henderson ikazaa yadi 75, kisha mlinzi wetu Jack Sawyer akampokonya kwotabeki wao mpira na kukimbia nao yadi 83 (28–14). Notre Dame walimwachia Smith mlinzi mmoja kwenye jaribio la tatu kati ya manne, zikihitajika yadi 11 ili tuendelee na mpira. Alipata 56.

Jambo la tiketi. Usiku wa Tennessee, mashabiki wao wa rangi ya chungwa walijaa mno Ohio Stadium, kwa sababu wenyeji walikata tamaa baada ya Michigan wakauza nafasi zao. Iliniuma sana. Kamati inapendekeza kwamba mwanachama anayeuza tiketi aitangaze kwanza kwa wanachama wenzake, kwa siku 3, kwa bei aliyonunulia. Pendekezo litapigiwa kura leo.

Msimu ujao wa 2025 Howard hayupo, na makocha wa ushambuliaji na ulinzi, Chip Kelly na Jim Knowles, wameondoka. Tunafungua na Texas hapa nyumbani tarehe 30 Agosti 2025. Michigan tutawafuata Ann Arbor tarehe 29 Novemba. Watakaosafiri wampe katibu majina kabla ya kikao cha Septemba.

Mwenyekiti