Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Michezo: Tazameni sura iliyo kwenye kadi

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Kwa heshima na taadhima, nakuandikia kuhusu yaliyotokea Jumamosi iliyopita kwenye geti la wanafunzi la uwanja wetu wa futiboli ya Kimarekani. Barua ya Kiingereza kuhusu ukaguzi wa kadi niliileta ofisini kwako tangu mwezi wa tisa, nikajibiwa na mashine kwamba ujumbe wangu umepokelewa. Hii naiandika kwa Kiswahili ili waisome na wenzangu wa Afrika Mashariki waliotapakaa katika vyuo vya Marekani, pamoja na wazazi wetu wanaochangishana ada huko nyumbani.

Kila muhula tunakatwa ada ya michezo, twende uwanjani tusiende. Haki tunayopata kwa ada hiyo ni tiketi ya bei ya mwanafunzi na jukwaa letu upande wa kusini, karibu na bendi. Masharti yake yanajulikana. Tiketi iwe kwenye simu, kitambulisho kiwe mkononi, na anayeingia awe ndiye mwenye kitambulisho. Ninyi wenyewe mmeyaandika, tena kwa herufi kubwa, kwenye bango lililopo hapo hapo getini.

Jumamosi tulikuwa tunacheza na watani wetu wa jadi. Niliwahi, nikasimama kwenye foleni na baridi yote ile. Mbele yangu alikuwepo mwanamume mtu mzima, ndevu zina mvi, ameshika kadi yenye picha ya kijana asiye na hata ndevu moja. Msimamizi wa geti aliielekezea mashine simu yake, mashine ikalia, akamkaribisha. Kadi alionyeshwa, hakuitazama. Baada ya muda mfupi niliiona kadi ile ile inatoka ndani kupitia nondo za uzio, imefichwa kwenye kofia, na aliyeipokea nje ni mtu mwingine kabisa, naye akaja kujipanga. Tiketi ya kutumia anayo, maana tiketi za wanafunzi zinahamishwa kutoka simu hadi simu na kuuzwa kwa walanguzi wiki nzima kabla ya mechi. Anachokosa mlanguzi ni kadi tu, na kadi hiyo inazungushwa kama kikombe cha kahawa barazani.

Nilipofika mimi, ukaguzi ukaanza. Kwenye picha ya kadi nimejifunga mtandio. Jumamosi nilikuwa na mtandio ule ule, juu yake nimevaa kofia ya sufu yenye rangi za chuo. Msimamizi aliitazama picha, akanitazama, akaitazama tena, akaniomba pasi ya kusafiria. Pasi yangu inakaa bwenini kwenye kufuli, kwa sababu ofisi ya wanafunzi wa kigeni ilituonya tusitembee nayo ovyo. Nikiwa bado najieleza, mkubwa wake akaja akatangaza kwamba jukwaa la wanafunzi limejaa na geti linafungwa. Tulibaki nje wengi, wote tuna tiketi halali na kadi halali. Nikasikia shangwe za tachidauni ya kwanza, yaani bao la futiboli hiyo, nikiwa kwenye maegesho ya magari.

Mheshimiwa, kumbe kukagua mnaweza! Kwa nini basi nikaguliwe mimi peke yangu?

Nikukumbushe ulichotuahidi. Kwenye mkutano wa majira ya kuchipua ulisimama mbele yetu ukasema ikifika msimu huu kila geti la wanafunzi litakuwa na kifaa kinachosoma kadi na kuonyesha picha ya mwenyewe kwenye skrini. Tulikupigia makofi, nami nikiwemo. Msimu unakaribia kwisha, na kifaa hicho sijakiona kwenye geti lolote.

Nadhani najua kwa nini. Wasimamizi wa mageti ni vibarua wa siku moja, wameambiwa wahakikishe watu wamekaa kabla kamera za televisheni hazijawashwa, na jukwaa lililofurika linapendeza kwenye skrini bila kujali nani amekaa. Lakini nina hofu kubwa kuliko hiyo. Tangu mahakama ilipoidhinisha makubaliano ya kesi ya House, ya wanamichezo waliolishtaki shirikisho la michezo ya vyuo la NCAA, mwezi Juni 2025, vyuo vimeruhusiwa kuwalipa wanamichezo moja kwa moja, hadi dola milioni 20.5 kwa mwaka wa kwanza. Wachezaji wanastahili, wala sina ugomvi na hilo. Ila fedha hizo lazima zitoke mahali, na naogopa kesho mtasema wanafunzi wanauza tiketi zao, kwa hiyo jukwaa lao lipunguzwe na viti viuzwe kwa bei kamili. Tutaadhibiwa sisi kwa geti mlilolilegeza wenyewe.

Njia zipo. Chuo Kikuu cha Michigan, chenye uwanja unaochukua zaidi ya watu 107,000, kwa miaka mingi kimekuwa na utaratibu wa kumtaka asiye mwanafunzi alipie nyongeza ndipo tiketi ya mwanafunzi ikubalike kwake. Mwenye mgeni hana haja ya kuazima kadi. Alabama mwaka 2019 walianzisha hadi programu ya simu inayowapa pointi wanafunzi wanaobaki uwanjani mpaka robo ya nne. Mimi sipendi kufuatiliwa na simu yangu, na sikuombi tufike huko. Nasema tu kwamba chuo kikiamua kujua nani yupo jukwaani, kinajua.

Mdogo wangu alipokuja kunitembelea nilimlipia tiketi ya kawaida, bei iliyonifanya nihesabu senti mpaka mwisho wa mwezi. Nimewahi kufuatwa maktaba na mtu anataka kuikodi kadi yangu kwa siku moja, nikakataa. Kadi hiyo ndiyo inayonifungulia mlango wa bweni na ndiyo inayonipatia chakula. Na mwanafunzi wa viza akifikishwa kwenye kamati ya nidhamu, kinachowekwa rehani ni masomo yake yote. Tunaofuata sheria tunaifuata kwa gharama, Mheshimiwa. Sasa tunazuiwa getini kwa sababu viti vyetu wamekalia wasioifuata.

Sidai kurudishiwa pesa. Wala sitaki yule msimamizi afukuzwe kazi, maana alikuwa anafanya alivyoelekezwa. Kama vifaa havijanunuliwa, macho yapo. Wekeni watu wawili kila geti, mmoja asome tiketi, mwingine atazame kadi na uso.

Jumamosi ijayo ni mechi ya mwisho ya nyumbani, na kwangu mimi wa mwaka wa nne ndiyo ya mwisho kabisa nikiwa mwanafunzi. Nitakuja mapema. Naomba, Mheshimiwa Mkurugenzi, kadi zitazamwe sura. Ya kila mtu, na yangu pia.

Wako katika ujenzi wa chuo,
Mwanafunzi wa mwaka wa nne, Uhandisi wa Ujenzi