Kuhusu vitabu vya hesabu vya mwanao

Shoga yangu,

Habari za huko Ohio na baridi lenu? Sisi huku Texas wazima, watoto wanakusalimia. Meseji yako ya kuuliza umpe mwanao vitabu gani vya hesabu nimeisoma nikaona hili halijibiki kwa maneno mawili, maana mtoto wa miaka saba anagawanya kichwani halafu kila siku anapewa karatasi za kujumlisha mpaka ameanza kusema hesabu hazipendi, jamani inauma, umefanya vizuri sana kumtoa umsomeshe mwenyewe nyumbani.

Ila hilo la kumrukisha madarasa akaanze aljebra mapema, nakuomba usifanye haraka. Watoto wa hivi wanapata kila kitu mara ya kwanza, hawajawahi kukutana na swali likawakatalia, sasa siku likimkatalia akiwa mkubwa anadhani akili zimemwisha. Kwa hiyo tafuta kitabu ambacho atakosa. Akipata maswali yote kitabu hicho hakimfai hata kiwe kimeandikwa cha darasa la sita.

Mi ningeanza na Primary Mathematics ya Singapore, vitabu vilivyoanza kutumika shuleni kwao 1982, na kwenye TIMSS ya 1995, ule mtihani wa kulinganisha wanafunzi wa nchi mbalimbali, watoto wa Singapore ndo waliongoza dunia kwa hesabu. Uzuri wake ni ile michoro ya viboksi. Asha na Juma wana maembe 48, Asha anayo mara tatu ya Juma, sisi tungeletewa x hapo, lakini mtoto anachora kiboksi kimoja cha Juma na vitatu vya Asha, vinne ni 48, kimoja 12, basi Asha ana 36. Yaani anafanya aljebra na anaiona kwa macho.

Halafu kuna Beast Academy, hii nakwambia kwa moyo wote. Ni katuni za mazimwi, ilianza 2012, imetoka kwa watu wa Art of Problem Solving, kampuni ya Richard Rusczyk ya kufundisha hesabu, levo 1 mpaka 5 na kila levo ina sehemu nne, kila sehemu na kitabu cha kusoma na cha mazoezi. Maswali magumu yamewekewa nyota, na hayo ndo ya mwanao. Wangu aliambiwa 35 mara 35 unachukua 3 mara namba inayofuata, 4, ni 12 unabandika 25 mwishoni, 1225, akagoma kuamini mpaka ajue kwa nini. Akachora mraba wa 35 kwa 35, akakata kipande cha upana wa 5 pembeni, akakihamishia chini, ikatoka 30 kwa 40 na kimraba cha 5 kwa 5 kimebaki mkononi. Alinifuata jikoni na mkasi wake, shoga, alivyokuwa anang'aa!

Khan Academy, ile tovuti ya masomo, ni bure, iweke ya kujazia tu, maana mtoto mwepesi anakimbizana na pointi hafikirii. Vitabu vya Saxon wengi wanavisifu ila vina marudio mengi kila siku, mwanao vitamchosha.

Usioda seti nzima kwanza. Singapore na Beast Academy wote wana mitihani ya kupima levo, bure kwenye intaneti, mpe yote miwili asubuhi akiwa ameshiba, na umri usiuangalie kabisa, wa miaka saba anaweza kuangukia levo 3 au levo 2 na zote sawa. Akikwama usimpe jibu, tafadhali, hata akilia. Muulize tu umejaribu nini mpaka sasa, halafu nyamaza, akishindwa mliache mpaka kesho.

Akimaliza piga picha karatasi zake za rafu unitumie, majibu siyahitaji sana, nataka nione alivyokuwa anafikiria ndo nikwambie aanzie kitabu gani. Levo 2 na 3 za Beast ninazo zote, wangu ameshazipita, nitakutumia kwa posta usinunue.

Wako,
Mama watatu