Kabla Hamjaokota: Barua kwa Mwanaisha

South B, Nairobi
Jumapili jioni

Kwako Mwanaisha,

Salamu nyingi kwako na kwa Omari. Natumai baridi hii ya Agosti haijawafanya mtamani kurudi Mombasa. Nimepata ujumbe wako kwamba tangu shule zifungwe mtoto hakupi usingizi, anataka muanze kukusanya visukuku, yale mabaki ya viumbe wa kale yaliyohifadhiwa ardhini, nawe unauliza mtu asiyejua chochote aanzie wapi. Nimeona nisikujibu kwa simu. Nalipenda mno jambo hili, na lina sehemu moja ambayo nataka uielewe vizuri kabla hamjatoka nyumbani.

Mwaka ule nilipoanza nilialikwa harusi upande wa Magadi. Asubuhi ya kurudi nikashuka peke yangu kwenye korongo kavu. Mvua ilikuwa imenyesha siku mbili kabla na changarawe ilikuwa imeoshwa. Kitu kikametameta miguuni pangu. Nikainama. Lilikuwa jino, rangi yake kama buni iliyokaangwa, mizizi imekatika, na juu kwenye sehemu ya kutafunia enameli, lile ganda gumu la nje la jino, imejikunja kama miezi miandamo iliyobanana. Nikalifunga kwenye leso nikalitia mkobani, moyo ukidunda hadi masikioni. Wiki mbili nzima lilikaa dirishani kwangu.

Hatimaye nikampelekea mtaalamu mmoja. Akaligeuzageuza chini ya taa, akaniambia ni la mnyama wa jamii ya swala na ni la kale kweli. Kisha akauliza, "Umelitoa wapi?" Nikasema korongoni. Korongo lipi? Ukingo upi? Udongo ulikuwa mweupe au wa kijivu? Lilikuwa limechomoza kwenye tabaka au limelala tu juu ya changarawe? Sikuwa na jibu hata moja. Hakunigombeza. Aliliweka mezani taratibu, akasema, "Basi sasa ni jino tu."

Nimerudi kule mara mbili, Mwanaisha, na makorongo yote yanafanana.

Kisukuku hupata umri na maana kutoka kwenye udongo kilimolala: tabaka lililo juu yake, lililo chini yake, jivu la volkano lililo karibu, mifupa mingine iliyo jirani. Ukikiinua bila kuandika hayo, umeng'oa ukurasa kwenye kitabu ambacho hakina nakala nyingine. Ndiyo maana sheria yetu ya makumbusho na turathi ya mwaka 2006 inalinda visukuku kama mali ya nchi. Huchimbi bila leseni, hupeleki nje bila kibali, na ukikutana nacho kwa bahati unatakiwa kuwaarifu Makumbusho ya Taifa. Omari ataona video za watoto Uingereza, kule pwani ya Lyme Regis, wakiokota amonaiti, makombe ya viumbe wa kale wa baharini, na kwenda nazo nyumbani. Kule zilizobomoka kutoka kwenye majabali zinaruhusiwa kuokotwa. Hapa kwetu sivyo, na mimi naona ni sawa kabisa. Jirani zetu wa Tanzania wana kilima cha Tendaguru, karibu na Lindi. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba pale mifupa ya dinosauri, wenyeji wakaibeba vichwani na mabegani hadi pwani, na leo mmoja wa wale wanyama amesimama Berlin, kimo chake kikipita mita 13. Mtoto wa Lindi akitaka kumwona anahitaji viza.

Kwa hiyo mtakachokusanya nyinyi ni macho, daftari na picha. Najua Omari atanuna mwanzoni. Mpe kitu cha kushika, tena kesho hii: kichwa cha mbuzi.

Usicheke. Nenda kwa mwenye bucha, ununue kichwa, mle supu, kisha msitupe mifupa. Ichemsheni tena kwa moto mdogo, ikwangueni kwa mswaki wa zamani, ilazeni usiku kucha kwenye maji ya sabuni ya vyombo. Msitie Jik, maana inaumumunyua mfupa. Ikishakauka, mwache akae na taya. Mbele, juu, hatakuta meno. Mbuzi hukata majani kwa kuyabana kwenye ufizi mgumu. Nyuma ataona magego yenye ile miezi miandamo niliyoiona mimi korongoni, kwa sababu mbuzi na swala wana asili moja na chakula chao kinafanana. Avunje ubavu mmoja atazame ndani kwa lenzi ya kukuzia mara 10: ataona vitundu kama vya sifongo. Vitundu hivyo hubaki hata mfupa unapogeuka jiwe, na mara nyingi ndivyo vinavyoutofautisha na kokoto. Baada ya mbuzi mwekee samaki, kisha kuku. Katika mwezi mmoja atakuwa na kabati lake mwenyewe lenye lebo, na macho yake yatakuwa yamejua umbo la mfupa. Watu wengi hutafuta visukuku miaka mingi bila kuvipata kwa sababu hawajawahi kuutazama vizuri mfupa wa kawaida.

Meno hasa ayazingatie. Jino ni gumu kuliko mfupa, hivyo hudumu pale ambapo vingine vimesagika. Mwaka 1972, kule Koobi Fora mashariki ya Ziwa Turkana, Bernard Ngeneo aliona vipande vya fuvu la jamii ya binadamu wa kale ambalo sasa dunia nzima inalijua kwa nambari yake, 1470. Lilikuwa chini ya tabaka la jivu ambalo vipimo vya awali vililipa umri wa miaka milioni 2.6. Kulikuwa na mabishano makali juu ya umri huo. Nguruwe ndio waliosaidia kuyamaliza. Meno yao ya kale yalilinganishwa na ya bonde la Omo nchini Ethiopia, yakaonyesha kwamba jivu lile ni changa zaidi, na vipimo vilivyorudiwa vikafika karibu milioni 1.9. Taya la nguruwe sikuambii ulilete nyumbani kwako, utaliona makumbusho.

Na huko makumbusho ndiko nataka twende kwanza, sote watatu. Mwambie Omari kuna mnyama anayeitwa Simbakubwa kutokaafrika. Hilo ndilo jina lake la kisayansi, kwa Kiswahili chetu, ingawa mnyama mwenyewe hakuwa simba bali wa ukoo mwingine wa wala nyama uliotoweka. Aliishi takriban miaka milioni 22 iliyopita na watafiti wanamkadiria kuwa mkubwa kuliko dubu wa ncha ya kaskazini. Mabaki yake yalichimbwa magharibi mwa Kenya mwishoni mwa miaka ya 1970, yakawekwa kwenye droo hapa Nairobi, yakakaa huko kwa miongo. Mtafiti mmoja akaifungua droo ile, akaona meno ambayo hayakulingana na yoyote aliyoyajua, na mwaka 2019 mnyama akapewa jina. Unaona faida ya lebo? Mtu aliyeyafukua aliandika yametoka wapi, na miaka 40 baadaye yakaweza kusema.

Pia nataka asimame mbele ya yule kijana wa Turkana. Aligunduliwa mwaka 1984 Nariokotome na marehemu Mzee Kamoya Kimeu, mtu wa kwetu Ukambani. Siku ile ilikuwa ya mapumziko kambini, yeye akaenda kutembea kwenye ukingo wa mto mkavu, akaona kipande kidogo cha fuvu chenye rangi ileile ya kokoto zilizokizunguka. Kutoka hapo kikapatikana kiunzi cha mifupa karibu kizima cha kijana aliyeishi zaidi ya miaka milioni 1.5 iliyopita. Kila nikienda humuangalia yule kijana, kisha nafikiria yale macho yaliyomwona.

Hapa mjini penyewe msisumbuke kutafuta. Nairobi imekalia lava na majivu yaliyogandamana. Hata yale mawe ya kijivu ya kujengea ni ya volkano, na sijawahi kuona kisukuku ndani yake. Lakini wewe, Mwanaisha, umekulia ndani ya visukuku! Zile kuta za nyumba ya bibi yako Mji wa Kale ni mawe ya matumbawe, miamba ya bahari ya kale iliyobaki nchi kavu maji yaliposhuka. Mkienda Disemba, mwoneshe Omari pale lipu ilipobanduka. Ataona nyota ndogondogo za matumbawe na ganda la chaza likiwa limejibana katikati.

Kwa kutoka nje, tuanzie Olorgesailie, kama kilomita 70 kwa barabara ya Magadi. Unapita Kiserian, ukifika Corner Baridi Bonde la Ufa linafunguka lote mbele yako, halafu ni kuteremka na joto. Lazima tutoke alfajiri. Pale watafiti Louis na Mary Leakey walifanya kazi miaka ya 1940, na mashoka ya mawe waliyoyakuta kwa mamia wakayaacha yalipolala. Unatembea juu ya daraja la mbao unayatazama chini yako, yamelala vilevile yalivyoachwa na walioyachonga mamia ya maelfu ya miaka iliyopita. Mfupa wa mguu wa ndovu wa kale nao uko mahali pake. Kilichoniponya uchungu wa lile jino ni kusimama kwenye daraja lile. Mtoto pia ashike ule udongo mweupe mwepesi unaobaki mkononi kama unga: hayo ni maganda ya mwani mdogo usioonekana kwa macho, uitwao diatomu, uliozama kwenye ziwa lililokuwapo pale. Anataka visukuku, atakuwa amevikanyaga kwa mamilioni.

Mkifika, mfundishe kutembea polepole jua likiwa chini, kwa sababu mwanga wa upande ndio unaoonyesha mng'ao wa enameli. Akiona kitu, asikiinue. Apige picha tatu: moja ya karibu na sarafu ya shilingi 10 kando yake, ya pili akiwa amesimama, ya tatu kutoka mbali yenye mti au kilima cha kutambulisha mahali. Aandike namba za mahali kutoka kwenye simu yako, rangi ya udongo, na tarehe. Penseli, si kalamu. Wino hutiririka kwa jasho. Kisha tumwoneshe mlinzi wa eneo, na picha tuzipeleke makumbusho.

Jumamosi saa tatu asubuhi nitawangoja kwenye sanamu ya Ahmed, yule ndovu, uani kwa makumbusho. Nitakuja na lenzi mbili, moja ni ya Omari. Na kesho ukienda buchani, mwambie mwenye duka asikipasue kichwa kwa shoka. Aitenganishe taya kwa kisu pale kwenye kiungo, meno yabaki mazima.

Wako daima,
Nduku