Kuanguka si kujilaza

Rafiki yangu kipenzi,

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimekwama pale unaposema mwalimu amekushauri uhamie dansi ya kisasa kwa sababu ya kifundo chako cha mguu, nawe ukauliza kama huko ndiko wanakokimbilia walioshindwa baleti. Hapana, mpenzi. Mimi nimecheza baleti miaka tisa kabla ya kuvua viatu na kuhamia dansi ya kisasa, na neno hilo nililiamini kama wewe.

Baleti huficha uzito. Unageuza miguu nje kuanzia nyonga, unanyoosha mgongo, unapanda juu ya ncha za vidole, ili anayekutazama asione hata kilo moja. Ndivyo mchezaji baleti Marie Taglioni alivyowaduwaza watu wa Paris mwaka 1832, akicheza kiumbe wa hewani katika La Sylphide. Hatua za baleti zina majina ya Kifaransa kwa kuwa kanuni zilipangwa enzi za Mfalme Louis wa 14, aliyeanzisha chuo cha dansi mwaka 1661. Mwalimu akitamka plié, mchezaji wa nchi yoyote anakunja magoti. Hilo bado nalipenda mno.

Huku kwenye dansi ya kisasa hakuna sarufi moja, na ndipo nilipoteseka. Siku ya kwanza niliambiwa nianguke. Nikashuka polepole, kwa madaha, vidole vimenyooka. Mwalimu akatikisa kichwa: "Hujaanguka. Umejilaza." Ilinichukua miezi kuiachia nyonga ishuke na uzito wake wote, hadi mwili ukaelewa kuwa sakafu inakupokea na inakurudisha juu. Doris Humphrey, mmoja wa waanzilishi wa dansi ya kisasa Marekani, alijenga mbinu yake juu ya jambo hilohilo, kuanguka na kuinuka. Mwenzake Martha Graham alianzia kwenye pumzi: kiwiliwili kinabonyea ndani, kisha kinaachia. Naye mtunzi wa dansi Merce Cunningham aliitenga dansi na muziki, hata wachezaji wake mara nyingi wakausikia muziki kwa mara ya kwanza usiku wa onyesho. Sisi tuliolelewa kwa kuhesabu mapigo ya muziki mpaka nane, hebu fikiria!

Kinachonigusa zaidi ni dansi ya mwaka 1975 ya Pina Bausch, mtunzi wa dansi wa Ujerumani, jukwaa zima limefunikwa udongo. Wachezaji wanahema, udongo umewaganda mwilini, na uchovu wao unauona waziwazi. Kwenye baleti tungeuficha nyuma ya tabasamu. Sisemi tabasamu lile ni uongo. Ni kazi ngumu ya aina nyingine.

Lakini usidhani kifundo kitapata likizo. Kuruka kupo, na magoti yanachubuka. Wala baleti usiitupe: mimi bado nashika upau wa mazoezi ya baleti kila Jumatatu, kwa sababu unaniweka sawa.

Niandikie daktari amesema nini. Akikuruhusu, njoo tufanye mazoezi pamoja, pekupeku, na tuanze na kuanguka.

Wako akupendaye