Cheo kiwafikie wanaolala msituni

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi kidogo, mie ni mzee wa hapa Langoni, Lamu, na hili jambo limenikaa rohoni kila nikisikia serikali yataka kubana matumizi. Pesa zikipungua watu wanaulizana jeshi litakatwa wapi, na promosheni zikitangazwa zinajaa habari za mabrigedia na mameja jenerali, nani kapanda, nani kastaafu, nani kachukua nafasi ya nani. Sawa, hayo ni mambo makubwa. Lakini sisi huku tunaishi na jeshi karibu tangu Oktoba 2011 walipovuka kuingia Somalia, na wallahi jenerali hatumjui hata kwa sura. Tunaowajua ni koplo na sajenti.

Sajenti ndiye anayekusimamisha njiani ukielekea Kiunga. Akiwa ni mtu anayejua kukaa na watu, anaamkia wazee, anauliza watoto wako vipi, basi mzee wa Mangai ama Basuba, vijiji vya msitu wa Boni, akitoka kutafuta asali atamwambia leo nimeona nyayo si zetu karibu na kisima. Akiwa ni mgeni wa jana, ana hofu na kila mtu, anafoka, yule mzee atanyamaza zake aende nyumbani. Habari hupatikana hivyo na hupotea hivyo, na hakuna ndege itakayoiona kutoka juu kwenye msitu kama ule. Hata baharini ni vivyo hivyo, mkubwa wa ile boti ya doria ndiye serikali yote mbele ya mvuvi.

Operesheni ya jeshi ya kuwasaka al-Shabaab msitu wa Boni ilianza Septemba 2015, mwaka mmoja na kidogo baada ya msiba wa Mpeketoni ambapo watu zaidi ya 60 waliuawa. Tangu hapo askari wamekuja wengi, wamejifunza maji yako wapi, mvua ikinyesha gari ipite wapi, wamejua hata majina ya mbwa wa vijijini, halafu wanahamishwa. Na wakati mwengine cheo chenyewe ndicho kinachowaondoa, manake jeshini hupandi kwa sababu umefaa tu, lazima uende kozi upite na lazima nafasi iwe wazi, sasa nafasi ikitokea Nanyuki ama Gilgil aliyeujua msitu anaenda kuvishwa V ya tatu, ya usajenti, huko bara, na huku analetwa mwengine aanze upya. Hofu yangu ni kuwa bajeti ikibanwa hizo kozi za wadogo ndizo zitakuwa za kwanza kuguswa kwa sababu hazina kelele, hakuna gazeti litakaloandika ati koplo fulani hakwenda kozi mwaka huu.

Wizara ya Ulinzi inapewa zaidi ya shilingi bilioni 100 kwa mwaka na nyingi zinaishia mishahara, chakula, mafuta na kuendesha kambi, kwa hivyo pa kukata si pengi najua. Vyombo vya kubeba watu visiguswe kabisa. Septemba 2023 helikopta ya jeshi ilianguka hapa Boni usiku ikiwa doria, na tarehe 18 Aprili 2024 ikaanguka ile iliyomchukua Jenerali Ogolla, aliyekuwa mkuu wa majeshi, na wenzake tisa, Mungu awarehemu, na baada ya hayo sitaki kusikia mtu akisema tupunguze spea.

Kata juu. Toka 2020 mpaka 2024 tumeapisha wakuu wa majeshi watatu, Kibochi, Ogolla na Kahariri, na kila mkubwa akitoka kuna mlolongo wa watu chini yake wanaosogea, nyota zinaongezeka na nyota inakuja na mshahara, gari, dereva na ofisi. Mie nasema cheo cha mezani kikibaki wazi makao makuu kisikimbiliwe kujazwa, hiyo pesa ipeleke masajenti kozi, na aliyefanya vizuri Boni apandishwe akiwa papo hapo Boni, miaka yake ya msituni ihesabiwe.

Najua wengine hapa Pwani watasema cha muhimu ni tupate jenerali wetu. Mwaka 2015 Mwathethe alipopewa ukuu wa majeshi, mtu wa Pwani tena wa jeshi la majini, furaha ilitoka Malindi ikafika mpaka huku, na Katiba kifungu cha 241 inasema uongozi wa jeshi uwe na sura ya nchi nzima. Ilikuwa haki yetu na nilifurahi pia. Lakini kijana wa Kibajuni anayeusoma mkondo wa Kiwayu usiku bila taa, ama mtoto wa Kiboni aliyekulia ndani ya ule msitu, hao ningependa kuwaona na V mbili za ukoplo leo, kabla hatujaanza kuhesabu nyota za mtu mmoja.

Kuna askari mmoja nilimuaga jeti ya Mokowe akihamishwa, tulikuwa tushamzoea hata salamu za kwetu alizijua. Mzee mmoja rafiki yangu wa kule ndani bado anampigia simu yeye akiona kitu kisichoeleweka. Anapokea akiwa huko bara, anamwambia baba waambie walioko hapo, na mzee anamjibu hao siwajui.

Mzee wa Langoni, Lamu