Upendo hauivishi nyama

Mhariri,

Ukizuka mjadala kati ya chakula cha mgahawani na cha nyumbani, hakosi mtu wa kusema cha nyumbani ni kitamu kwa sababu kimepikwa kwa upendo. Naomba kutofautiana naye. Upendo hauivishi nyama, moto ndio unaoivisha, na kwa moto migahawa imetuzidi.

Maji huchemka kwa nyuzijoto 100. Ile rangi ya kahawia na harufu inayoita majirani, ambayo mkemia Mfaransa Louis Camille Maillard alieleza asili yake mwaka 1912, hushika kasi kwenye nyuzi 140 hivi. Sasa mtazame mpishi wa nyumbani: anarundika nyama yote kwenye kikaango kidogo, moto wenyewe wa kubembeleza. Nyama inatoa maji, inatokota humo humo, inatoka imepauka. Mwenzake wa mgahawani anasubiri chuma kishike moto sawasawa, kisha anakaanga vipande vichache vichache. Hapo tumeshindwa, tukubali, ingawa nusu ya ushindi huo tungeupata kwa kuacha tu kujaza kikaango.

Lakini si kila utamu wa mgahawani ni ufundi. Mwingine ni chumvi na mafuta basi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai hivi. Nyumbani mkono unaotia chumvi unauona. Mgahawani sahani inakuja na siri yake, na mafuta yaliyokaangiwa tangu jana hayajitambulishi kwa mteja.

Kuna pia suala la kukaa. Chakula kilichopikwa hakitakiwi kuachwa nje zaidi ya saa mbili. Kinachosubiri mlaji kiwekwe kwenye joto la zaidi ya nyuzi 60. Cha nyumbani kwa kawaida hutoka jikoni moja kwa moja hadi mezani. (Sufuria inayolala nje hadi asubuhi ni kesi nyingine, na nyumba nyingi zina hatia.)

Kwa hiyo wenye migahawa wabaki na moto wao. Ninachowaomba ni kupunguza mkono kwenye chumvi huko jikoni. Kichupa kiko mezani, anayetaka zaidi atajiongezea.

Mpishi wa nyumbani